Karia Tupu

Kila alasiri, adhana ikishatulia,
Nyamvula hutoa baiskeli uani,
hufuta tandiko kwa upindo wa leso,
akapanda.
Hana kapu. Hana dumu. Hana mtoto wa kumpokea shuleni.
Karia tupu inagongagonga nyuma yake
kutoka Barabara ya Nane hadi anakokujua mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kinatazama njia,
na mwenye kutazama njia hujipa kazi asiyoajiriwa.
Mwaka wa kwanza nilisema: anakwenda kwa mgonjwa.
Mwaka wa pili nikasema: ana mtu huko Chumbageni.
Mwaka wa tatu mgonjwa hajafa, mtu hajaonekana,
nikakosa la kusema,
ndipo nikaanza kusema sana.

Kwa chaki ya kukatia nguo
nikapiga hesabu ubaoni:
saa moja na nusu kwa siku,
kwa muda huo mtu hukaanga vitumbua sitini,
toa mchele, toa mafuta, toa mkaa,
zidisha kwa mwezi, zidisha kwa mwaka.
Lo! Mama huyu anaponda duka zima
chini ya magurudumu mawili.

Nikamwonyesha Semkiwa, mziba pancha.
Semkiwa akamwonyesha Bi Mwanaidi wa kikoba.
Bi Mwanaidi akaita wenzake wawili, wakavaa vizuri,
wakaenda kumshauri.
Afuge kuku wa kisasa, wiki sita tu wanauzika.
Asuke makawa. Aingie darsa la Jumatano.
Akalee wajukuu Korogwe.
"Bibi wa miaka hamsini na tisa, miguu juu ya pedali!
Watu wanasema."

Aliwapa chai ya mchaichai na mkate wa kumimina.
Akawasikiliza mpaka vikombe vikapoa.
"Miaka thelathini na moja nimepima mkonge," akasema.
"King'ora kikilia naingia, kikilia nakula, kikilia natoka.
Hata kukojoa, jamani, kwa king'ora.
Sasa sina king'ora.
Nyinyi ndio mmekuja kulia?"

Wakarudi wamekunja midomo.
Bi Mwanaidi akasema ana kiburi. Semkiwa akasema ana jini.
Mimi nikasema, na sikatai, ni mimi niliyesema,
kwamba anamwibia Mungu muda.

Siku hiyohiyo nilikuwa na koti la harusi
la kijana mmoja wa Pongwe.
Yeye anakanyaga baiskeli, mimi nakanyaga cherehani,
shingo yangu ikamfuata mpaka konani,
mguu unaendelea, sindano inaendelea.
Jioni kijana akaja kujaribu:
mkono wa kushoto nimeushona kulia,
mfuko umefungwa mdomo.
Wanywaji kahawa walicheka mpaka kashata zikawapalia.

Usiku nikafumua, uzi kwa uzi, kwa wembe,
umeme umekatika, chemli inafuka,
na ile hesabu ubaoni ikinitazama.
Saa moja na nusu kwa siku.
Yake ilipata upepo, ilipata kona,
ilipata mteremko wa kuachia pedali.
Yangu niliitafuta sakafuni kati ya vipande vya nguo.
Miaka mitatu. Zidisha.
Sikuzidisha.

Jana mnyororo wake ulichomoka mbele ya kibaraza.
Nikatoka na mafuta ya cherehani, matone matatu.
Ulimi ukaniwasha. Nikauuma. Ukaniponyoka:
"Kwani, dada, huwa unakwenda wapi?"
Akazungusha pedali kwa mkono, akaisikiliza.
"Leo sijui," akasema.
"Ningejua, ningekuwa kazini."
Akapanda. Karia ikaanza kugonga.

Ubao nimeufuta. Karibu wote.
Leo amepita saa kumi na robo.
Na dakika mbili.